Pikipiki Iliyolaza Bwiza Chini

Chekeni tu jamani, mi nimeshazoea. Hata leo nikipita Bwiza, mtaa wetu, kuna watu wazima na ndevu zao wananiita Masasi, yaani risasi, na jina hilo sikupewa na mama yangu, nilijipa mwenyewe mchana kweupe, mtaa mzima ukiangalia, tena wakati wa vita.

Chanzo ni pikipiki ya Mama Zuhura, jirani yetu mjane. Mzungu mmoja wa mashindano ya pikipiki alimwachia marehemu mumewe alipohama, ikabaki kibandani nyuma ya magunia ya makaa, na siku nilipoifuta vumbi, wallahi, nilikaa chini. Haikuwa pikipiki ya dukani. Ile, kiwanda kiliwatengenezea waendeshaji wake chenyewe: tangi refu la aluminiamu, limegongwa kwa mkono, limebonyea pembeni pale magoti yanapokaa, haina taa, haina honi, haina hata kiki (unaisukuma, unairukia, inawaka), yaani kila kisichosaidia mbio wamekitoa. Kutu imekula spoku, matairi yamepasuka, lakini uzuri ule! Mi fundi, nimeona pikipiki nyingi, ile niliipenda kama mtu.

Kumbe Mama Zuhura ameshaongea na wale wanaoyeyusha aluminiamu.

"Hassani mwanangu, Ijumaa wanakuja. Ukiiwasha mbele ya hapo, itabaki, utaitengeneza pole pole. Kama haiwaki, iende ikawe masufuria. Mi siwezi kufuga maiti."

Masufuria! Tangi lile! Nikaazima matairi, nikasafisha karibureta, moto wa plagi sikuuweka sawa, ulikuwa unachelewa, na hapo petroli hulipukia kwenye bomba, na breki nikasema nitazifunga kesho. Mwenzangu Idi akaniambia, "Tuipeleke Kajaga, kule kando ya ziwa kuna nafasi." Nikamjibu (na hapo ndipo nilipojimaliza), "Kajaga ya nini? Isukume hapa hapa."

Wakanisukuma, Idi na wanywa chai wawili watatu, nikarukia, nikaachia ambreyaji, yaani klachi, ikakohoa, halafu: pa! Pa-pa-pa! Bomba lake tupu, halina cha kupunguza sauti, na miaka ile sauti kama hiyo huulizi ni nini. Bwiza ikalala chini. Muuza ndagala, vidagaa vyetu vya ziwani, kalala juu ya ndagala zake, mteja wa kinyozi kalala barabarani na kichwa kimenyolewa upande mmoja, hata Idi, aliyenisukuma kwa mikono yake, naye kalala! Mi nakwenda tu, moshi nyuma, bariyeri ya wanajeshi mbele, breki sina.

"Amaboko hejuru!" Mikono juu, na mi kwa uoga nikainua yote miwili. Pikipiki ikaingia rigoli, mtaro wa kando ya barabara, nami nikaifuata, maji machafu mpaka kiunoni, mikono bado iko juu.

"We ni nani?" mwanajeshi akauliza, bunduki imenielekea.

"Fundi, shefu. Fundi tu."

Akaniangalia, akaiangalia pikipiki, akacheka mpaka akashika magoti. Hapo watu wakaanza kuinuka, na matusi yakaanza. "We mutoto, uko na akili kweli?" muuza ndagala akapiga kelele, magamba yamemganda shavuni. Nilitamani rigoli linimeze.

Katikati ya watu wanaojipangusa vumbi akaja Mama Zuhura, kitenge chake kisafi kabisa. Yeye peke yake hakulala.

"Mama, haukuogopa?"

"Niogope nini? Mi ile sauti naijua. Ni bwana yangu anarudi nyumbani." Akalishika tangi lenye matope, akalia, nami humo humo rigolini nikalia naye.

Ijumaa wale wa masufuria waliondoka mikono mitupu. Mi nikaapa sitaiwasha tena bila kuwaambia watu. Kwa hiyo nilipomaliza kuitengeneza, na vita bado haijaisha, nilizunguka nyumba kwa nyumba: hodi, jamani, saa kumi nawasha pikipiki, ni mi Hassani, msilale chini. Wote wakanijibu sawa, wengine wakanitania. Saa kumi nikaiwasha, ikaimba vizuri, haikupiga pa hata mara moja, na bado watu walilala chini.