Nilimwaga Dawa za Mke Wangu Chooni

Nianze na lenyewe, maana nikianza kuzunguka nitajionea huruma, na huruma siistahili. Mke wangu alikuwa anaumwa, akaandikiwa dawa na daktari, mie nikazichukua nikazimwaga chooni. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa nimelewa. Niliona nafanya jambo la kiume. Jina langu nimelificha kwa ajili yake na mtoto. Ingekuwa ni mie peke yangu ningeliandika hapa kwa herufi kubwa, mnitukane vizuri.

Mie ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na grili huko Chang'ombe. Nyumbani ni Kibamba, tulijenga wenyewe, mie na mke wangu, Mama Neema. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Mtu wa kucheka, mwenye sauti kubwa, kanisani kwaya ikiimba unamsikia yeye kwanza.

Siku moja jioni wezi waliingia nyumbani na mapanga, mie nikiwa kazini. Walipitia mlango wa nyuma. Mlango ule ulikuwa wa mbao tupu, hauna grili. Ndiyo, mmesoma vizuri. Fundi grili, anafunga grili kwenye nyumba za watu mji mzima, mlango wake wa nyuma hauna kitu. Kila wiki nilikuwa nasema wiki ijayo.

Walimlaza Mama Neema chini, wakamwekea panga shingoni, mtoto anaangalia. Walichukua televisheni na simu wakaondoka. Hawakumkata. Watu wote wakasema mshukuruni Mungu, vitu vinatafutwa. Na mie nikasema hivyo hivyo. Kesho yake nikafunga grili, nikaona yameisha.

Hayakuisha. Akisikia mlango wa jirani unabamizwa, moyo unamwenda mbio mpaka anakaa sakafuni. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anasema hewa haiingii, anaona kabisa anakufa. Akawa halali. Darasani akiandika ubaoni anageuka kila baada ya maneno mawili kuangalia mlango. Mwalimu mkuu wake ndiye aliyemwambia aende hospitali, kliniki ya afya ya akili.

Sikwenda naye. Nilimwambia nina geti la mteja. Uongo. Niliona aibu kukaa kwenye lile benchi, mtu akipita aniulize nimefuata nini kwa vichaa. Ndivyo nilivyokuwaga napaita kule, kwa vichaa, tena mbele yake.

Alirudi na vidonge vya diazepam. Jioni ile alinieleza kila kitu, mie macho kwenye mpira. Kwamba ni dawa ya kutuliza wasiwasi, ya muda tu, si ya maisha. Kwamba asizidishe hata siku ikiwa mbaya, asiguse pombe, asimgawie mtu, na kubwa kuliko yote, asije akaiacha ghafla bila kurudi kwa daktari, maana mwili unaizoea. Na awe anakwenda kuongea na mshauri hapo hapo hospitali, kwa sababu kidonge peke yake hakitamwondolea yale mapanga kichwani.

"Umenisikia, Baba Neema?"

"Nimekusikia," nikasema. Sikusikia hata nusu.

Yeye alifuata yote. Jirani yetu alipokuja kumwomba kimoja, akisema mama yake mzazi hapati usingizi, Mama Neema alikataa kwa upole: "Nisamehe, jirani, hii nimepimiwa mimi. Mpeleke mama akaonwe naye." Mie nikamgombeza kwamba ana roho mbaya. Kwenye harusi ya mdogo wangu alikunywa maji na soda tu, nikamtania mbele za watu kwamba siku hizi amekuwa mlokole. Alicheka. Sasa hivi nikikikumbuka kicheko kile natamani kujipiga.

Na dawa ilimsaidia. Alianza kulala. Alianza kuimba tena jikoni. Muda ulipokuwa umekwenda, daktari akamwambia sasa wataanza kuipunguza, kidogo kidogo, mpaka aachane nayo. Alifurahi siku hiyo. Mie nikaitikia "vizuri" bila kuinua kichwa.

Ndipo akaja kaka yangu mkubwa. Nitamwita braza, inatosha. Alikuja Jumapili kula chakula cha mchana, akamwona Mama Neema anachomoa kidonge.

"Shemeji, hivyo si ndivyo wanavyobwia mateja wa unga kijiweni kwetu?"

"Hivi nimeandikiwa hospitali, shemeji," akajibu, akameza, akaenda kuosha vyombo.

Braza akanisogelea. "Mdogo wangu, mkeo ni teja na wewe umekaa unamwangalia. Miezi yote hii anameza tu? Mwalimu wa watoto wa watu? Wenzio wakijua watasema umeshindwa nyumba."

Umeshindwa nyumba. Maneno hayo yalinichoma kuliko moto wa mashine yangu. Kwa sababu ndicho nilichokuwa najiambia mwenyewe kila nilipoona mikono yake inatetemeka. Ule woga wake ulikuwa unanisema mie na mlango wangu wa nyuma. Nilitaka uishe, si kwa sababu unamuumiza yeye, kwa sababu unanishtaki mie. Hilo nimelielewa baadaye, na limenikasirisha kuliko yote.

Braza alipoondoka, nikachukua pakiti zote kwenye droo ya kabati nikaenda nazo chooni. Mama Neema akanikuta naminya vidonge kimoja kimoja kwenye shimo.

"Baba Neema, unafanya nini?"

"Nakusaidia. Leo yameisha."

"Daktari alisema nisikate ghafla. Nakuomba. Ninavipunguza tayari, subiri nimalize utaratibu wake."

"Mateja wote ndivyo wanavyosema."

Hakulia. Akasema, "Nakuomba basi kesho asubuhi tufuatane hospitali, ukamsikilize daktari kwa masikio yako."

"Huendi popote. Shule zimefungwa, utakaa hapa hapa nyumbani mpaka sumu ikutoke."

Nilisema hivyo kwa mke wangu. Sumu ikutoke. Na nikambebesha mama yangu mdogo kazi ya kuja kushinda naye mchana ili asitoroke kwenda hospitali. Mama mdogo naye hakujua kitu, alifikiri amekuja kumuuguza mgonjwa.

Siku zilizofuata hali ikabadilika. Wasiwasi ulirudi mara mbili ya ule wa mwanzo. Anatokwa jasho mpaka shuka linalowa, mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki, mwanga wa dirishani unamuumiza macho, halali, anatapika. Mtu mwenye akili angeogopa. Mie nilifurahi. Nilimpigia simu braza nikamwambia, "Ulikuwa sahihi, kapata arosto ya kukosa vidonge kama mateja wenyewe." Braza akacheka, akasema kaza, wiki moja tu atakuwa sawa.

Mama mdogo alinivuta pembeni. "Mwanangu, huyu mtoto wa watu anaumwa. Mpeleke hospitali."

"Ni hali ya kupita, mama," nikamjibu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nanoa vifaa. Mama Neema alitoka na beseni la nguo, anajilazimisha, ananionyesha kwamba anaweza. Aliinua shuka kulitundika kambani. Akatoa sauti ambayo si ya kwake, akaanguka chini mzima mzima. Mwili ukakakamaa, halafu ukaanza kurukaruka. Macho yamegeuka, povu linatoka mdomoni. Neema akapiga kelele, majirani wakajaa. Mmoja anasema kifafa, mwingine anasema mapepo, mwingine anataka aletewe maji ya kumwagia.

Nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba mtu akiwa hivyo atameza ulimi. Nikakimbilia kijiko jikoni nikamwingiza mdomoni kwa nguvu. Nikasikia kitu kimekatika. Lilikuwa jino lake la mbele.

Tulimpakia kwenye gari la jirani mpaka hospitali. Degedege lilimshika tena mapokezini. Nilisimama pale na damu yake kwenye shati, muuguzi ananiuliza anatumia dawa gani. Nikasema hatumii. Fikiria. Hata pale nilidanganya. Mama mdogo, ambaye asubuhi hiyo ndipo Mama Neema alipomweleza yote, ndiye aliyesema: "Alikuwa anatumia diazepam, huyu mumewe kamnyang'anya."

Daktari wake aliitwa. Ni mama wa makamo, Mhindi wa hapa hapa Dar, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alimshughulikia kwanza, mpaka akatulia. Ndipo akanigeukia.

"Wewe ndiye mume?"

"Ndiyo, daktari. Shikamoo."

Hakuitikia. "Kila mara nilimwambia aje na wewe. Kila mara alikutetea, mara uko kazini, mara una mteja. Dawa hii ubongo unaizoea. Ukiiondoa ghafla, ubongo unachachamaa, mtu anaweza kupata degedege, anaweza kufa. Ndiyo maana tulikuwa tunaishusha polepole. Na alikuwa anaenda vizuri."

"Mie nilidhani amekuwa teja, daktari."

"Teja anafuata maelekezo ya daktari? Teja anarudi kila tarehe anayopangiwa, anakubali kupunguziwa? Mwili kuzoea dawa ni jambo moja, tunalijua na tunalipangia. Kama ulikuwa na shaka, mlango wangu uko wazi. Ungekuja ukauliza." Akachukua faili lake. "Na kijiko usimwingize tena mtu mdomoni. Mtu hamezi ulimi. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, mlete hospitali."

Nilikuwa na hasira, na sikujua niipeleke wapi. Nikampigia braza pale pale kwenye korido, nikamwambia shemeji yako nusura afe. Mnajua alijibu nini? "Mie nilishauri tu. Mwenye mke si wewe?" Nikamtukana matusi ambayo sijawahi kumtukana mtu. Lakini alikuwa amesema kweli. Yeye alifungua mdomo. Mikono iliyominya vile vidonge ni yangu.

Mama Neema alipozinduka vizuri, wa kwanza kumwita alikuwa Neema, wa pili mama mdogo. Mie nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda. Alipitisha ulimi pale penye pengo, akagundua. Akaniuliza taratibu, "Na hili?"

Nikamweleza. Akafumba macho.

Mama mkwe alikuja kutoka Bunju. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akakaa karibu na mwanawe. Siku ya kuruhusiwa alisema, "Baba, huyu naenda naye kwangu." Nikaanza kueleza kwamba nimejifunza, kwamba nitamwangalia, kwamba nitasimamia dawa mwenyewe. Mama Neema ndiye aliyenikatisha.

"Wezi walikaa ndani kwetu dakika chache tu," akasema. "Wewe ulinifungia humo siku zote zile, nakuomba, unaniangalia natetemeka, unafurahi. Nitarudije kulala pale?"

Nikambebea mfuko mpaka nje, Neema kamshika mkono.

Dawa alianzishiwa upya. Hatua zote za kupunguza alizokuwa amepiga zikapotea, akaanza tena, akiwa kwa mama yake, akienda kliniki na mama yake, mtu mzima wa magoti mabovu anapanda daladala na kukaa kwenye lile benchi nililolionea aibu. Nilikwenda Bunju mara nyingi. Nakaribishwa, napewa chai, naongea na Neema, naondoka. Mama Neema amehamia shule ya huko huko. Jino wamemwekea la bandia. Nasikia anaimba kwaya tena, kanisa jingine.

Juzi alinipigia simu. Nilishtuka, yeye hanipigiagi.

"Nimetaka usikie kwangu," akasema. "Nimemaliza dawa. Daktari ameniruhusu. Nalala."

Nikalia. Nikamwambia namshukuru Mungu, nikamwambia basi turudi nyumbani, mke wangu, yameisha.

"Nimepona, Baba Neema," akasema. "Lakini nimepona huku."

Akakata.

Sasa wewe unayesoma, hasa wewe mwanaume unayejiona kichwa cha nyumba. Kama mtu wako ameandikiwa dawa za wasiwasi na zinakutia shaka, shaka hiyo ipeleke kwa aliyeziandika. Usiipeleke kwa kaka yako, wala kijiweni, wala chooni. Na wewe unayezimeza, usikubali mtu yeyote akukatishe ghafla, hata akiwa amekuoa. Akikunyang'anya, kimbia hospitali siku hiyo hiyo, mwambie muuguzi, mwambie jirani, piga kelele.

Mie sikuhitaji usomi wowote. Nilihitaji kufunga karakana asubuhi moja, nikae kwenye benchi na mke wangu, niulize swali. Nikaona kazi. Hasira niliyonayo haina wa kumshukia ila mimi, na naishi nayo kwenye nyumba ya vyumba vinne, kila mlango una grili, ndani sina mtu.