Bi Hidrojeni na Wifi Yake

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Bi Hidrojeni. Mzaha huo ulianzishwa na mafundi wa kuchomelea, kwa sababu ukikaa naye mezani dakika tano tu, mazungumzo yataishia kwenye hidrojeni. Alikuwa mhandisi wa miaka arobaini na sita, hajaolewa, mwenye mwandiko mdogo ulionyooka kama umepigwa chapa. Kwa miaka kumi na minne alichora kitu kimoja: kipande cha juu cha roketi.

Roketi yao ilikuwa kubwa, ya kubeba mizigo mizito, na sehemu yake ya chini ilikuwa imeshajua kurudi nyumbani. Ilisukuma mzigo hadi juu ya mawingu, ikauachia, ikashuka na kusimama kwa miguu yake kwenye uwanja wa saruji, ikasafishwa na kurushwa tena. Lakini kipande cha juu, kile kinachoendelea na safari mpaka mzigo ufike, kilikuwa bado kinatupwa. Swali lililowakosesha watu raha ofisini lilikuwa hilo: kipande kipya cha juu kiwe cha namna gani, na kisukumwe na injini ipi?

Bi Hidrojeni alikuwa na jibu. Injini moja kubwa, inayochoma hidrojeni iliyopoozwa mpaka ikawa kimiminika. Kwa kila kilo ya fueli, alisema, hakuna inayosukuma kuishinda hiyo. Na kweli hakuna. Lakini hidrojeni ni nyepesi mno, hivyo tangi lake huwa kubwa kama nyumba, nayo hupenya kila palipo na upenyo. Hayo aliyajua kuliko mtu yeyote, na kwa kila tatizo alikuwa na mchoro wa kulitatua.

Jibu la pili lililetwa na wifi yake.

Huyu wifi alikuja kiwandani miaka saba nyuma, msichana mwembamba aliyeshika daftari kwa mikono miwili. Bi Hidrojeni ndiye aliyemfundisha kazi. Alimwonyesha jinsi ya kusoma mchoro kuanzia pembeni, jinsi ya kubishana na mkurugenzi bila kupandisha sauti. Jumapili moja akamkaribisha nyumbani kwa chakula. Mdogo wake Bi Hidrojeni wa kiume, daktari wa meno ambaye kwa kawaida alikula na kuondoka, siku hiyo alikaa mpaka saa kumi na moja jioni. Baada ya mwaka wakaoana, na mwanafunzi akawa wifi.

Wifi alisema: acheni hidrojeni. Kipande cha juu kichome methani, fueli ile ile inayotumika chini. Badala ya injini moja kubwa, ziwe tatu ndogo, moja ikizima mbili zimalize kazi. Tangi litakuwa dogo, na tangi dogo ni rahisi kulivika ngao ya kuzuia moto wa kushuka angani kwa kasi, nacho kipande kitarudi salama kama mwenzake wa chini.

Bi Hidrojeni aliposikia hayo kwa mara ya kwanza alitabasamu, akasema, "Ni wazo zuri, wifi." Akaenda chooni, akasimama mbele ya kioo muda mrefu. Wazo lilikuwa zuri kweli. Hilo ndilo lililomchoma.

Nyumbani ndiko kulikomkera zaidi. Alikuwa akiishi na mama yake, na Jumapili mchana mdogo wake na mkewe walikuwa wakija. Siku moja mama akauliza, kwa kupitisha muda tu, mnabishania nini huko kazini.

"Mama, tuseme una watoto wawili," wifi akasema huku akisogeza vikombe. "Huyu wa chini anakula chakula kimoja, huyu wa juu anakula kingine. Si utahitaji majiko mawili, masufuria mawili, na soko utakwenda mara mbili? Mimi nasema wote wale chungu kimoja."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. "Kumbe ni hilo tu! Miaka yote hii nikimuuliza mwanangu ananiambia, mama, hutaelewa."

"Dada, umesikia?" mdogo wake akadakia, akimtazama mkewe kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Umesikia alivyomweleza?"

"Nimesikia," alisema Bi Hidrojeni. Akainuka, akaenda jikoni kuosha sahani zilizokwisha oshwa. Angeweza kusamehe kushindwa kwa hesabu, lakini mama yake kucheka namna ile, na yeye hajawahi kumchekesha hivyo hata mara moja, hilo lilimshinda kabisa.

Mwezi uliofuata mkurugenzi aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano. Alikuwa mtu wa kutafuna vifuniko vya kalamu, na siku hiyo alikuwa amekwisha tafuna viwili. "Kipande kisichorudi hatukitaki tena," alisema. "Tunakwenda na injini tatu. Bi mkubwa, wewe utakagua michoro. Hakuna mwenye jicho kama lako."

Watu walimpigia makofi wifi. Bi Hidrojeni naye alipiga, tena kwa nguvu, mpaka viganja vikamwasha.

Michoro ikaanza kupita mezani kwake. Kila karatasi ilikuwa na kisanduku pembeni kilichoandikwa "Imekaguliwa," naye alitafuta makosa kama mtu anayetafuta chawa. Hakuyapata. Kazi ilikuwa safi, na kila mchoro safi ulimwongezea kijicho. Mpaka ulipofika mchoro wa kitako cha tangi.

Injini tatu zilikuwa zikinyonya fueli kupitia mdomo mmoja chini ya tangi. Ukitoa maji kwenye beseni, yakikaribia kwisha huanza kuzunguka, na katikati hutokea shimo linalovuta hewa. Kwenye tangi la roketi ni vivyo hivyo, na pampu ya injini ikivuta gesi badala ya fueli, huzunguka kwa kasi ya wazimu mpaka ivunjike. Ndiyo maana mdomoni huwekwa mabati yaliyosimama, ya kuukata mzunguko huo. Wifi aliyaweka, lakini yalikuwa mafupi. Alichukua kipimo kinachotosha tangi la injini moja.

Bi Hidrojeni aliliona kosa hilo pale pale. Miaka kumi na mmoja nyuma aliwahi kulijaribu jambo hilo kwa maji, kwenye tangi la plastiki linaloonyesha ndani. Alishika kalamu kuandika "Mabati yaongezwe urefu." Kalamu ikasita. Akasikia kicheko cha mama yake kichwani.

Akajiambia kwamba jaribio la ardhini litalionyesha kosa. Akajiambia kwamba kwenye jaribio hakuna mtu anayekaa karibu na injini. Akatia sahihi.

Jaribio lilifanyika Jumanne asubuhi. Kipande kilifungwa kwenye mnara wa chuma, nao walikuwa kilomita mbili mbali, kwenye chumba chenye kuta nene, wakitazama kwenye skrini. Injini tatu ziliwaka pamoja. Wifi alikuwa mstari wa mbele, amejishika mabega. Dakika ya tatu ikapita vizuri. Fueli ilipokaribia chini, mngurumo wa injini ya katikati ukageuka kuwa ukelele mwembamba, ukafuata mmweko mweupe, na mitambo ikajizima yenyewe. Pampu ilikuwa imepasuka vipande vipande.

Hakuna aliyeumia. Lakini katika ule mmweko Bi Hidrojeni alifurahi. Ilikuwa furaha ya muda mfupi mno, na ilikuwa furaha kamili. Alipoitambua, alitafuta kiti akakaa.

Kwa siku tatu wifi hakula kitu cha maana. Alisimama mbele ya mkurugenzi, akasema, "Kosa ni langu, ingawa bado sijajua liko wapi." Ijumaa akaja kwenye meza ya Bi Hidrojeni na michoro chini ya kwapa, macho mekundu.

"Wifi, nisaidie. Nimetazama mpaka sioni tena. Wewe ungeliona."

Bi Hidrojeni alitazama mikono ile miwili iliyoshika karatasi. Akapiga moyo konde.

"Niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Mabati ya mdomoni ni mafupi. Niliona siku niliyotia sahihi."

Wifi aliukunjua mchoro, akatazama kitako cha tangi, kisha ile sahihi ndogo iliyonyooka. "Kwa nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikuonea wivu. Sina sababu nyingine."

Wifi alikusanya karatasi zake moja moja, akaondoka.

Mchana huo huo Bi Hidrojeni alimwandikia mkurugenzi kila kitu, ukurasa mmoja na nusu, bila kujitetea. Alivuliwa ukaguzi kwa mwaka mzima, akahamishiwa karakana ya majaribio ya maji. Mdogo wake aliacha kuja Jumapili. Mama alipouliza, Bi Hidrojeni alimwambia ukweli, na siku mbili baadaye mama akasema, "Unajua, mimi nilitaka tu unieleze na mimi." Bi Hidrojeni alilia kama mtoto.

Karakanani alitengeneza mabati mapya, marefu, na kuyajaribu mara arobaini. Jaribio la pili la injini lilikwenda mpaka tone la mwisho. Mwaka uliofuata roketi ikaruka, na kule juu injini tatu zikawaka, zikazima, zikawaka tena. Bi Hidrojeni alitazama akiwa amesimama nyuma kabisa pamoja na mafundi. Wote walipomkumbatia wifi, kijicho kilimbana tena, pale pale kifuani. Alikitambua, akakiacha kipite, akapiga makofi.

Siku ukaguzi uliporudishwa mikononi mwake, wifi alikuja na mchoro mpya. Walikuwa hawajazungumza jambo lisilo la kazi tangu Ijumaa ile. Aliuweka mezani.

"Safari hii useme," alisema.

Bi Hidrojeni aliukagua siku nzima, akaandika makosa manne kwa mwandiko wake mdogo. Wifi aliyasoma akiwa amesimama.

"Hili la tatu si kosa."

"Ni kosa."

"Si kosa, wifi. Vali hiyo ya kufungulia fueli haihitaji kupoozwa."

"Vuta kiti," alisema Bi Hidrojeni.

Wifi akavuta kiti, wakabishana mpaka mfagizi akaja kuwaomba wanyanyue miguu.