Fundi wa Barua za Kujieleza

Mimi Gaudence, mzaliwa wa Kanazi, ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo mpakani Rusumo, na kipaji changu kikubwa kazini ni kuandika barua za kujieleza. Nilikipata chini ya msimamizi wetu wa zamani, Danstan. Alikuwa anafoka kabla hujafungua mdomo, basi badala ya kujifunza kazi nikajifunza visingizio. Kwa miaka mitatu nilisingizia mtandao, mvua, madereva, na mara moja jino.

Danstan alipohamishwa akaja Deodata. Huyu kila asubuhi huvuta kiti mezani kwangu na kuniuliza, "Gaudence, leo kazi ngumu ni ipi?" Nami hujibu hakuna. Nilidhani ni mtego.

Wiki iliyopita lilikuwa linakuja lori la karoti kutoka Rwanda. Nikampigia simu dereva, Niyokwizera, afike saa nne, kabla mkaguzi wa mimea hajaondoka kwenda Ngara mjini. Akafika saa nne kamili, kwa saa yake. Kwetu ilikuwa saa tano. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, na hapa Rusumo nani asiyejua? Wageni mimi ndiye huwaeleza, tena kwa maringo. Mkaguzi alikwishaondoka, karoti zikakwama juani, mwenye mzigo akawaka. Na mwenye kampuni alikwishanionya: kosa moja tena, nirudi Kanazi nikapalilie maharage.

Nikajaza ukurasa mzima. Dereva mzembe, hasikilizi, hapokei simu. Nilipoupeleka kwa Deodata, nilimkuta akiongea na mwenye kampuni kwenye simu.

"Kosa ni langu, mzee. Sikuwawekea utaratibu wa kutaja saa za pande zote mbili. Gaudence bado namhitaji."

Alipokata simu akanyoosha mkono. Ningekuwa na akili ningeitafuna ile karatasi. Aliisoma mpaka mwisho, bila kufoka.

"Umeandika vizuri," akasema. "Kwa barua hii Niyokwizera atafukuzwa kazi. Ndivyo ilivyokuwa?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Hapana, dada. Nilisahau habari ya saa."

"Basi andika hivyo."

Ilikuwa sentensi moja tu, na ilinitoa jasho kuliko barua zote nilizowahi kuandika. Nilipomaliza, Deodata akaichukua, akaweka sahihi yake chini ya yangu.