Kigoda Nilichonyimwa
Juzi mgombea urais mmoja, mgeni katika siasa anayejiita mwananchi wa kawaida, alipita mtaani kwetu Katwe, kwa wagonga mabati. Mama anayetuuzia chai akamfutia kigoda chake kwa kitenge. Kigoda hicho mimi ameninyima miaka kumi, nakunywa nimesimama. Wivu ukanipanda.

Alipoondoka nikamwambia mama, "Huyo wa kawaida gani? Umeona viatu vyake? Havijui tope."

Mama akashika kiuno. "Sebo, bwana wangu, yeye ameniuliza jina yangu. Wewe unakunywa chai hapa miaka kumi. Mimi naitwa nani?"

Nikainua kikombe ninywe, kumbe kilikuwa kitupu.

Na mimi ndiye ninayewasemea wananchi wa kawaida kila wiki, hapa hapa katika safu hii.