Geji Iliyoacha Kudanganya

Tarehe 11 Februari 2021, kituo cha ukaguzi wa magari kilikataa kuipitisha pikapu nyeupe ya mama mmoja muuza miche, kwa sababu geji ya joto la injini ilikuwa haifanyi kazi, taa za dashibodi haziwaki, na swichi ya indiketa imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mume wa mama huyo ni fundi wa geji na swichi za magari. Hana kazi nyingine.

Watu wanamwita Tulia. Ni mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu ambaye akikaa kitini, goti lake linaendelea na safari. Zahanati moja iliwahi kumfunga mkono ili ipime presha yake, naye akakigonga kioo cha kipimo kwa ukucha aone kama mshale umekwama. Mganga akamwambia, "Mzee, tulia." Wateja walishamwambia hivyo mara nyingi. Jina lilikuwepo tayari, lilikuwa linamsubiri tu. Nyumbani, saa ya ukutani ameifungua na kuifunga hadi skrubu zake zimekwisha meno, na siku hizi inashikiliwa na plasta ya kidonda.

Karakana yake ni chumba kimoja mwisho wa uwanja wa mafundi, mlango wa pili baada ya fundi mpaka rangi wa magari. Ukutani zimetundikwa dashibodi za magari yaliyokwisha kukatwa vyuma chakavu. Kwenye makopo ya maziwa kuna balbu ndogo kama punje za mahindi, mishale bila geji na geji bila mishale. Kutu anaisugua kwa mswaki wa zamani. Anapopima geji ya mafuta hulichomoa boya kutoka kwenye tangi, akaliinua taratibu kwa kidole, macho yakiwa kwenye mshale. Huo ndio wakati pekee ambapo goti lake hukaa kimya.

Pikapu ya mkewe haikuwahi kufika mezani hapo. Kila siku ilikuwa kesho. Mpaka rangi hakuchoka kumsema.

"Kinyozi hajinyoi, sawa," alikuwa akisema. "Lakini mke wa kinyozi naye ana kosa gani?"

Mke huyo anaitwa Mama Pacha tangu alipojifungua mapacha, ambao sasa ni watu wazima na wanajitegemea mbali na nyumbani. Nyuma ya nyumba ana kitalu cha miche ya matunda, na pikapu ndiyo miguu ya kitalu hicho, kwa kuwa mche ukibebwa juu ya pikipiki majani yanaungua kwa upepo kabla haujafika. Kituo kilimpa wiki mbili za kurekebisha. Gari likikataliwa mara ya pili, namba zinang'olewa, na gari lenye umri ule halisajiliwi tena. Hilo wote wawili walilijua, na kwa wiki nzima hawakulitaja.

Miaka yote hiyo Mama Pacha alikuwa ameshajifunza gari lake. Akikata kona kushoto, aliishikilia swichi ya indiketa kwa kidole mpaka kona iishe. Joto la injini alilipima kwa pua. Mshale wa mafuta ukilala chini kabisa, kwake ilikuwa robo tangi. Ukisimama kwenye mstari wa kwanza, karibu nusu. Aliujua uongo wa geji ile kama mtu anavyoujua uongo wa shemeji yake: kiasi chake na nyakati zake. Hakuwahi kuishiwa mafuta njiani.

Siku moja kabla ya ukaguzi wa pili, Tulia alifungua skrubu ya kwanza. Mkewe alisimama kwenye mlango wa gari, mikono ina udongo.

"Baba Pacha, tengeneza walivyosema. Hiyo ya mafuta iache."

"Hiyo ndiyo muongo mkubwa kuliko zote."

"Inanidanganya mimi, wewe inakuuma nini? Nimeizoea. Usiiguse."

"Siigusi."

"Na mkono wako huo usiokaa?"

"Nimesema siigusi, mama."

Alianza na swichi ya indiketa. Ulimi wake wa shaba ulikuwa umelika, akakata mwingine kutoka kwenye swichi ya gari lililokufa, akaushika kwa lehemu. Akabadilisha balbu za dashibodi. Ikabaki geji ya joto. Alichomoa kihisio chake kwenye injini, akakitumbukiza kwenye birika la maji ya moto, akakipima: kizima. Geji yenyewe nzima. Waya mzima. Akaizunguka pikapu mara kadhaa, akaenda kunywa maji ambayo hakuyataka, akarudi.

Nyuma ya dashibodi za magari ya rika lile kuna kifaa kidogo cha bati, hakizidi nusu ya kiberiti, kinachogawa umeme kwa geji mbili: ya joto na ya mafuta. Cha pikapu hii kilikuwa kimechoka. Geji ya joto ilisoma chini hadi ikaonekana imekufa. Ya mafuta nayo ilisoma chini, ila ilikuwa bado inatembea, ndiyo maana mkaguzi wa kwanza hakuiandika. Tulia alitafuta kifaa kama hicho kwenye makopo yake, akakifunga, akawasha injini na kuiacha ingurume ili ajaribu.

Ngurumo hiyo ilichukua alasiri nzima, maana alijaribu, akajaribu tena, akajaribu kwa ajili ya kujaribu. Mshale wa joto ukapanda ukatulia katikati. Na pembeni yake, bila kuguswa na mtu, mshale wa mafuta nao ulikuwa umepanda. Ulisimama kwenye mstari wa kwanza. Kwa mara ya kwanza ulikuwa unasema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa kwamba dizeli imebaki kidogo.

Tulia aliutazama. Hakuwa ameigusa geji ile. Alirudisha skrubu, akanawa mikono.

"Tayari?" mkewe alimuuliza mezani.

"Tayari."

"Yote?"

"Yote waliyosema."

Hapakuwa na neno la uongo hapo.

Asubuhi Mama Pacha aliwasha gari na dashibodi nzima ikawaka. "Kumbe huku kuna taa!" akacheka mwenyewe. Kisha akauona mshale wa mafuta. Aliliegesha gari mshale ukiwa umelala, sasa uko kwenye mstari wa kwanza. Akafikiri kama mke yeyote angefikiri: leo mume kamkumbuka, katia mafuta. Karibu nusu tangi, kwenda na kurudi. Alipiga honi mara moja ya kuaga, na kituo cha mwisho cha mafuta kabla ya mlima akakipita bila kugeuza shingo.

Uwanjani, Tulia alikuwa amepokea dashibodi ya lori. Dereva wa lori, mtu wa sauti nzito, alimwinamia begani.

"Fundi, tengeneza hiyo ya upepo wa breki. Ya mafuta usiniguse. Nimeizoea."

Bisibisi ilianguka.

Alimpigia mkewe simu. Haikupokelewa, na alijua haitapokelewa. Mama Pacha akiendesha, simu hukaa kwenye pochi nyuma ya siti. Akatoka hadi barabarani, akarudi. Akaishika dashibodi ya lori, akaiweka. Akapiga simu tena.

"Tulia, tulia," mpaka rangi akamwambia.

"Leo usiniite hivyo."

"Kwani umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Mpaka rangi alimtazama, akaacha utani, akampa ufunguo wa pikipiki yake. Tulia alifunga dumu la dizeli nyuma ya siti kwa mpira wa baiskeli, uleule aliokuwa ameutoa kwenye indiketa.

Njia nzima alikuwa anaiona ajali inayomngoja mkewe kwa macho ya kazi yake. Gari likipanda, mafuta machache yanakimbilia nyuma ya tangi. Bomba linanyonya hewa. Injini ya dizeli ikishavuta hewa haisamehe. Hata ukiongeza mafuta, lazima uipampu kwa mkono mpaka hewa itoke yote. Nyuma kuna bonde, na malori yanashuka. Kituo cha ukaguzi kinafunga lango saa sita mchana. Alikuwa akiongeza mwendo, akipunguza, akiongeza.

Kwenye kona ya pili ya mlima alikuta mawe mawili yaliyokuwa yamewekwa kuzuia matairi, na doa la dizeli mbichi. Pikapu haikuwepo. Pembeni, mzee mmoja alikuwa anaponda kokoto.

"Shikamoo, mzee. Umeona pikapu nyeupe hapa?"

"Marahaba. Mama wa miche? Kaondoka. Dereva wa greda kampa mafuta kidogo. Kapampu mwenyewe, huku anamtukana mtu."

"Nani?"

"Jina hakulitaja. Alisema tu, 'yule mume.'"

Tulia alishukuru, akawasha pikipiki.

Lango la kituo lilikuwa limefungwa alipofika. Alishika uzio wa waya, akatafuta kwa macho. Pikapu ilikuwa ndani, ya mwisho katika mstari. Mkaguzi ameketi kwenye kiti cha dereva, na Mama Pacha amesimama mlangoni, kitambaa cha kichwani kimeloa jasho, mikono myeusi hadi viwikoni. Alimwona mumewe. Hakumsalimu.

Indiketa ikawaka kushoto, ikawaka kulia. Taa. Waipa. Mshale wa joto uko katikati. Mkaguzi akainama.

"Na hii ya mafuta? Mbona imelala? Hii imekufa."

"Haijafa," Mama Pacha alisema. "Ndani hamna kitu. Nimefika hapa kwa mafuta ya kuazima."

"Mama, kila mtu anasema hivyo. Nitajuaje?"

Mama Pacha aligeuka, akaunyooshea uzio kidole.

"Muulize yule mwenye dumu."

Mlinzi alifungua lango dogo. Tulia alimimina dizeli yote kwenye tangi, akakimbilia mlango wa abiria, akachungulia. Mshale ulikuwa palepale. Geji za rika lile hazina haraka. Hupata moto kwanza ndani, ndipo zinanyanyuka. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Hata hivyo ukucha wake ulikuwa tayari umeelekea kwenye kioo, na mkaguzi alikuwa ameshaona.

"Ukigonga, naandika mbovu."

Mama Pacha aliushika mkono wa mumewe kwa vidole vyake vya dizeli, akaukandamiza juu ya siti. Katika maisha yao yote hakuwahi kumwita kwa jina la uwanjani.

"Tulia," alisema.

Mshale ulitikisika. Ukaanza kupanda, polepole, ukaupita mstari wa kwanza, ukasimama kabla ya nusu. Mkaguzi aliungoja aone kama utashuka. Haukushuka. Akatoka garini, akabandika stika kwenye kioo, akaenda kula.

Walipakia pikipiki nyuma ya pikapu. Mama Pacha alikaa kwenye usukani bila kuwasha gari.

"Sikuigusa," Tulia alisema.

"Najua."

"Ilipanda yenyewe."

"Uliiona ikipanda?"

Goti lake lilikuwa linatembea. "Niliiona."

"Ukanyamaza ili nisikwambie umevunja ahadi. Mimi nikakaa mlimani na mawe." Aliwasha gari, akautazama mshale kwa muda, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. "Basi niambie. Hapo ulipo, ni kiasi gani?"

Tulia alimwambia. Njia nzima ya kurudi mkewe alikuwa akiuliza na yeye akijibu, na kwenye kituo cha kwanza cha mafuta walisimama.

Jumamosi pikapu inapeleka miche ya mipera ng'ambo ya mlima. Mama Pacha ataendesha. Karakana itafungwa siku hiyo, na Tulia atakaa upande wa abiria, dumu lililojaa katikati ya miguu, kama alivyoamriwa, hadi mkewe atakapoizoea geji.