Aliyeitikia Bila Kutazama

Katika chumba cha kufulia cha hoteli ile kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote, lakini kila mfanyakazi aliijua. Mifuko ya nguo za wageni hupekuliwa kabla nguo hazijatiwa majini. Anayekuta kitu, kiwe kitana au kifungo, hukiinua juu na kusema kwa sauti, "Kimepatikana!" Aliye karibu hugeuka, hukitazama, kisha huitikia, "Nimeona!" Ndipo kitu hutumbukizwa katika sanduku la amana, ambalo ufunguo wake hukaa kwa meneja. Kwa maneno hayo mawili watu wasio na kitu walilinda majina yao miaka nenda miaka rudi, maana mali ya mgeni ikipotea, wa kwanza kushukiwa ni mwenye mikono iliyolowa.

Mnyoofu alikuwa mpiga pasi wa chumba hicho. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mstari wa suruali iliyotoka mikononi mwake ulisimama kama ukingo wa kisu, na kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kona kona. Hakuchelewa, hakusengenya, na shati lake lilifungwa mpaka kifungo cha shingoni hata mvuke ulipojaa chumba kizima.

Msimamizi wao alipostaafu, Mnyoofu aliomba nafasi hiyo. Kikwazo kilikuwa usaili. Ulifanywa kwa Kiingereza, na waliowahi kuupitia walisema wasaili hawakuulizi umefanya nini. Wanakuuliza ungefanya nini. Tuseme moto umewaka. Tuseme mgeni amekutukana. Mambo ya kufikirika matupu, na yote uyajibu kwa lugha ya kuazima.

Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alijitolea kumfundisha. Kila jioni vyombo vikishaondolewa mezani, baba na mwana walikaa kuchagua maneno.

"Baba, ukianza na 'Suppose', unawakaribisha kwenye hadithi yako. Ukisema 'If I were', unajiweka mahali pa mtu mwingine."

"Na hii 'What if'?"

"Hiyo ni ya kuuliza. Usiitumie sana, wataona una wasiwasi."

"Basi nipe ya mtu jasiri."

Binti akacheka. "Shika 'I would', Baba. Unaitamka shingo juu, kama vile jambo lenyewe umeshalimaliza."

Hiyo aliipenda. Aliichagua kama bwana harusi anavyochagua shati, akaigeuza huku na huku, akaijaribu mbele ya kioo. Kati ya majibu yote waliyotunga, moja lilimpendeza kuliko mengine: "Suppose a worker is accused. I would stand with her." Yaani, tuseme mfanyakazi ameshutumiwa, mimi ningesimama naye. Kila alipolitamka alijiona mrefu zaidi.

Kazini aliyemsikiliza alikuwa Mama Povu, mfuaji wa siku nyingi ambaye mikono yake haikukosa sabuni. Yeye alijifanya msaili, kitambaa begani, kidevu juu.

"Haya, bwana mkubwa, hoteli inaungua. Unafanyaje?"

Mnyoofu alijibu kwa Kiingereza mpaka pumzi ikamwishia.

"Sijaelewa hata nukta," akasema Mama Povu, "lakini hoteli imepona. Umefaulu, ndugu yangu. Ukishakuwa mkubwa usinisahau, uninunulie glavu."

Asubuhi ya siku moja kabla ya usaili, Mnyoofu alikuwa mezani kwake na pasi mkononi, beseni la kufulia kalipa mgongo. Mikono ilikuwa kwenye kola ya shati, akili ilikuwa mbele ya wasaili. Midomo ilimcheza: Suppose... I would...

"Kimepatikana!" Mama Povu alisema nyuma yake.

"Nimeona!" akaitikia Mnyoofu, kama mtu anavyoitikia "abee" akiwa usingizini. Hakugeuka. Alisikia kitu kikigonga chini ya sanduku, akaendelea na kola yake.

Adhuhuri mgeni mmoja alishuka uso umemwiva. Alidai kuwa katika mfuko wa koti lake kulikuwa na hereni za dhahabu, jozi. Meneja alifungua sanduku. Akakuta hereni moja.

"Nilikuta hiyo moja tu," alisema Mama Povu. Hakuonyesha wasiwasi wowote. "Nikaiinua, nikaitumbukiza. Nina shahidi."

"Nani?"

"Mnyoofu huyo hapo. Aliitikia."

Chumba kizima kilimgeukia Mnyoofu. Hakufikiri kwa muda mrefu. Mtu hahitaji muda mrefu kuanguka. Akisema aliona hereni moja, atakuwa anaapia asichokiona. Akisema hakutazama, nani kesho atampa usimamizi mtu anayeitikia bila kutazama? Zilikuwa njia mbili, ya pili ikiwa ya kweli na yenye gharama. Yeye akachagua ya tatu.

"Sikuitikia mimi," alisema. "Labda mwingine. Mashine zilikuwa zinanguruma."

"Ndugu yangu?" Mama Povu alisema.

Alimngoja kidogo, jinsi unavyomngoja mtu aliyejikwaa ainuke. Mnyoofu aliinamisha macho kwenye kola. Mama Povu akafungua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka ukingoni mwa beseni, akatoka na meneja. Jioni ile alirudishwa nyumbani bila kazi.

Kesho yake wasaili walimuuliza Mnyoofu mambo mengi. Swali la mwisho lilikuwa hili: tuseme mmoja wa watu unaowasimamia ameshutumiwa wizi, nawe unajua jambo linaloweza kumsaidia. Ungefanya nini?

Alihisi kifungo cha shingo kikimkaba. Lakini jibu lilikuwa tayari, limeshapigwa pasi na kutundikwa, na ulimi ulilitoa wenyewe. "I would stand with her," alisema, shingo juu. Msaili mmoja aligonga meza kwa kuridhika. Ndipo Mnyoofu alipojua kuwa uongo mkubwa kuliko wa jana ni huu wa leo, maana kwa huu walimpongeza.

Nyumbani binti alimrukia mlangoni. "Walikuuliza lipi, Baba?"

"Lile la aliyeshutumiwa."

"Ukatoa jibu letu?"

"Nililitoa."

"Baba yangu!" Akakimbia kuwaambia majirani. Mnyoofu alibaki na sahani ya chakula mbele yake, akaifunika bila kula.

Wiki haikuisha, msafishaji wa vyumba akasogeza kitanda cha yule mgeni, aliyekuwa ameshaondoka, akaikuta hereni ya pili sakafuni, kando ya ukuta. Mama Povu akaitwa arudi. Meneja alimsimamisha mbele ya wenzake akasema, "Mama, la wizi limekwisha na tunakuomba radhi. Lakini siku nyingine usimbambikie mwenzako ushahidi ambao hakuutoa."

Kwa hiyo Mama Povu alirudi bila doa la wizi, akabaki na doa la uongo. Wafuaji wakampa jina jipya. "Shahidi Hewa, hebu nipitishie sabuni!" "Shahidi Hewa, leo umeonwa na nani, upepo?" Yeye alipitisha sabuni. Mnyoofu, sasa na beji ya msimamizi kifuani, alisikia yote na kujifanya anahesabu mashuka. Kumnyang'anya mtu kazi ni dhambi. Kumwacha aitwe mwongo huku wewe ndiwe mwongo, hiyo haina jina zuri katika lugha yoyote.

Siku moja alimfuata kwenye kamba za kuanikia.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "ile siku, laiti ningejua mambo yatafika kule, ningesema. Ningekuwa mimi ndiye wewe..."

Mama Povu aliendelea kubana nguo kwenye kamba. "Ndugu yangu, za kufikirika umeshazifaulu. Mimi sikuulizwa ya kufikirika. Niliulizwa nani aliitikia." Akachukua kikapu chake akaenda zake.

Tangu hapo Mama Povu akaacha kupaza sauti. Akikuta kitu mfukoni, alikichukua, akakatiza chumba kizima maji yakimchuruzika viwikoni, akasimama mbele ya msimamizi na kukiinua karibu kabisa na macho yake.

"Msimamizi, tazama."

Naye hakuondoka mpaka Mnyoofu atazame na kusema, "Nimeona." Wengine waliangua kicheko. "Shahidi Hewa siku hizi anatafuta shahidi wa nyama!" Mara nyingi ilikuwa tiketi iliyolowa au sarafu. Mnyoofu alitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ya chumba cha kufulia ni saruji.

Siku Mama Povu alipoleta kifungo cheusi, mmoja wa wafuaji alidakia, "Tazama sana, mkubwa, asije akasema vilikuwa viwili!"

Kicheko kikalipuka. Mnyoofu alikitazama kile kifungo katika kiganja kilichokunjamana kwa maji. Alitafuta namna ya kuanza. Zilimjia zote alizofundishwa, zikapanga foleni, na hakuna hata moja iliyomfaa.

"Niliitikia," alisema.

Kicheko kilipungua.

"Siku ya hereni. Alisema 'kimepatikana', mimi nikasema 'nimeona', na sikugeuka. Kisha nikakana. Huyu mama hakusema uongo. Mwongo ni mimi."

Mashine moja ilimaliza mzunguko wake, ikasimama. Aliyekuwa amedakia akaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Mama Povu hakutabasamu. Mkono wake ulikuwa bado juu.

"Na hiki?"

Mnyoofu akakitazama. "Kifungo kimoja. Cheusi. Nimeona."

"Haya." Akakitumbukiza katika sanduku. "Na meneja?"

"Nakwenda."

"Utamwambia kwa lugha gani?"

"Hii hii."

Mama Povu akarudi kwenye beseni lake. Hakumwambia amemsamehe, na Mnyoofu hakuuliza. Alifungua kifungo cha shingoni, akashika ngazi za kwenda ofisini.