Muzuri Tu

Mama yangu hajawahi kuugua kwa mdomo wake mwenyewe. Malaria ikimlaza siku tatu, atakayekuja kumtazama na kumuuliza, "Mama, uko namna gani?" atajibiwa, "Muzuri tu, Alhamdulillahi," na sauti inatoka chini ya mablanketi mawili. Siku tuliyomzika baba nilisimama ubavuni pake, wanawake wa mtaa mzima wakimpa mkono na kumuuliza vile vile, naye akawajibu wote vile vile. Alizaliwa upande wa Aru, Kongo, akavuka mpaka akaolewa Koboko katika ukoo wa Wanubi, na Kiswahili ndiyo lugha waliyokutania yeye na baba. Kwake, kujibu "niko mubaya" ni kumlalamikia Mungu mbele ya watu. Haya yote nayajua tangu utotoni, ndiyo maana mpaka leo najiona mjinga.

Tulikuwa tunarudi kutoka Vurra, tulikokwenda kwenye arusi ya ndugu zake. Gari ni langu, kuukuu, na dereva ni mimi. Tulipofika Pajulu, pikapu lilichomoka kutoka njia ya mashambani bila kutazama, likatubamiza upande aliokaa mama, kiti cha nyuma yangu. Mlango ukabonyea kama kopo. Mwenye pikapu, mchuuzi wa mihogo, aliruka chini ameshika kichwa na kusema mbele ya watu wote kwamba kosa ni lake. Hakubishana hata kidogo. Nakumbuka niliwaza kwamba tumepata bahati, tumegongwa na mstaarabu.

Kituoni Arua, askari wa trafiki alikuwa mtu wa kusini, Kiswahili chake cha kuokoteza. Mimi nina duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Koboko. Naandikia watu maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, hata barua za posa, na Kiingereza changu najivunia kuliko inavyofaa. Askari akaniuliza kwa Kiingereza kama abiria wangu ameumia. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono wa kulia ameuzungushia leso. Nikageuka nikamuuliza, akajibu, nami nikamwambia askari kwamba hakuumia. Akaandika hivyo. Nikayasoma maelezo yote, nikamsahihishia tahajia ya neno moja, nikatia sahihi.

Siku ya tatu niliingia kwake mchana nikamkuta anakula kwa mkono wa kushoto. Asiyemjua mama hawezi kuelewa jinsi nilivyoshtuka. Huyu ndiye aliyenichapa nikiwa mdogo kwa kupokea kipande cha mkate kwa mkono huo. Nilimfungua leso kwa nguvu. Kifundo kilikuwa kimevimba mpaka ngozi inang'aa, na vidole viwili havikusogea nilipomwambia avisogeze.

Picha ya hospitali ilionyesha mifupa miwili iliyovunjika na kukaa vibaya. Daktari alisema apasuliwe, na mapema, la sivyo vidole vitakufa kabisa. Mama anasuka makawa, yale ya kufunikia chakula, ya rangi nyekundu na zambarau ambayo bila hayo bibi arusi wa Kinubi haingii nyumbani kwake. Alifundishwa na mama mkwe wake, na kwa kazi hiyo ukoo ulimkubali, yeye mtu wa kuja. Mkono huo ndio uliomfanya awe mtu wa Koboko. Upasuaji wenyewe haukuwa jambo la mfuko wetu, kwa hiyo tukaiandikia kampuni ya bima ya lile pikapu.

Jibu lilikuwa la adabu sana. Walitupa pole. Walikubali kwamba mteja wao ndiye mwenye kosa. Lakini kwa mujibu wa maelezo ya polisi, yaliyotiwa sahihi na binti wa mdai, abiria hakuumia, na wao hawawezi kujua kama mama hakuanguka bafuni kwake siku ya pili yake. Niliisoma barua hiyo dukani, wateja wakinisubiri, nikawafukuza wote.

Nilikuwa naamini kesi hupelekwa kortini na watu waliokosana. Wakili tuliyempata Arua, mzee mwenye kikohozi, alinicheka. "Wewe na mwenye pikapu mumekosana?" akaniuliza. Nikasema hapana, alikuja mpaka nyumbani na sukari na sabuni, akakaa kwenye mkeka na mama wakaombeana dua. "Basi," akasema. "Hapa iko karatasi mbili. Ya daktari inasema mukono imevunjika. Ya polisi inasema hapana. Mutu ya ofisi hawezi kuchagua, ataogopa bosi yake. Kuchagua ni kazi ya hakimu." Akaongeza kwamba tukizidi kuandikiana barua, muda wa kushtaki utapita, na wale wa bima wanalijua hilo kuliko sisi.

Kumshawishi mama ilikuwa kesi nyingine. "Mutu alileta sukari," alisema. "Sukari yake tumekunywa. Sasa nitamupeleka kortini namna gani?" Nilimweleza kwamba jina la mchuuzi litakuwa kwenye karatasi tu, anayeshtakiwa hasa ni bima. Hakuelewa, au alielewa akakataa. Mwishowe mchuuzi mwenyewe akarudi, akamwambia, "Mama, twende tu. Mimi pia nalipa hiyo bima kila mwaka, wacha wafanye kazi yao." Ndipo akakubali.

Nami nikaanza kumfundisha. Niseme ukweli, nilikuwa na hasira naye. Kila nikikumbuka ile barua nilimuuliza, "Kwa nini ulimwambia polisi hukuumia?" Yeye alinyamaza, akatazama nyuzi zake zilizokaa kikapuni. Hakujitetea hata mara moja, na ukimya wake niliuchukua kuwa ndiyo kukiri kosa. Kwa hiyo kila jioni nikawa namkalisha kitako.

"Wakikuuliza uko namna gani, sema niko mubaya."

"Mubaya ni shetani."

"Basi sema niko mugonjwa."

"Mugonjwa analala. Mimi niko nakaa hapa na wewe."

Kortini aliapa kwa mkono wa kushoto juu ya Kitabu, baada ya kumwomba radhi hakimu. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekulia huku huku, hakuhitaji mkalimani. Wakili wa bima, kijana nadhifu mwenye sauti laini, alisimama akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mama, leo uko namna gani?"

"Muzuri tu, Alhamdulillahi," akajibu mama, na tabasamu juu.

Watu wakacheka. Kijana akasema hana swali lingine, akaketi. Mimi nilifunika uso kwa viganja. Jioni zote zile zimekwenda na maji, niliwaza, na mkono umekwenda nazo.

Hakimu hakucheka. Aliyashika maelezo ya polisi, akayasoma, akavua miwani.

"Mama, siku ile pale polisi, ni nani alikuuliza kama umeumia?"

Mama akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli, si kutafuta la kusema. Kisha akanitazama mimi, bila lawama yoyote, kama anayesikitika kunitaja.

"Hakuna mutu," akasema. "Mutoto yangu aliniuliza niko namna gani."

Ilikuwa kweli. Nililiona tena lile benchi, na leso, nikaisikia sauti yangu mwenyewe yenye haraka: "Mama, uko namna gani?" Askari aliuliza kama ameumia. Mimi, mwenye kuchapia mji mzima barua zake, nilimpa mama salamu, nikaipokea salamu yake, nikaigeuza kuwa ushahidi. Na miezi yote ile nilimlaumu kwa uongo ambao hakuusema.

Hakimu akaniita mimi, akaniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo.

Hukumu ilikuwa yetu. Mama alipasuliwa, na kidole kimoja kikarudi. Cha pili kilikuwa kimengoja mno. Siku hizi anasuka polepole, na wasichana wanaokuja kuchukua makawa yao anawaambia wangoje.

Lakini mimi nakumbuka zaidi njia ya kurudi Koboko siku ile ya korti, kabla hatujajua kama tutashinda. Nilitaka kumwomba msamaha, nikajua atanijibu kwamba hakuna kitu. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikazima injini.

"Mama," nikasema, "mukono unauma?"

Akaifungua leso, taratibu, kwa mkono wa kushoto.

"Unauma," akasema, akanipa niushike.